Vyjayanthimala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwigizaji aliyeitanguliza ngoma

Vyjayanthimala ni nani hasa?

Ni mwigizaji na mchezaji wa ngoma ya Bharatanatyam, mzaliwa wa Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, kusini mwa India. Alionekana kwenye sinema kwa mara ya kwanza mwaka 1949, akawa miongoni mwa nyota wakubwa wa filamu za Kihindi kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akaaga sinema wakati jina lake lilikuwa bado linajaza majumba. Ndiye mwanamke wa kwanza kutoka kusini kuwa staa wa India nzima katika filamu za Kihindi, na njia aliyoifyeka ndiyo waliyoipita baadaye Hema Malini, Rekha, Jaya Prada na Sridevi.

Wengi humtaja kama mwigizaji aliyejua kucheza. Mimi naona mpangilio huo umegeuzwa. Vyjayanthimala alikuwa mchezaji wa ngoma ambaye sinema ilimwazima kwa takriban miaka 20, na asiyelishika jambo hilo atashindwa kuelewa kwa nini aliigiza kama alivyoigiza, kwa nini aliikataa tuzo, na kwa nini aliondoka bila kurudi.

Alikulia katika familia ya aina gani?

Alizaliwa tarehe 13 Agosti, katika miaka ya 1930, kwenye familia ya Kitamil ya jamii ya Iyengar. Mama yake, Vasundhara Devi, alikuwa yeye mwenyewe mwigizaji aliyevuma kwa filamu ya Kitamil ya mwaka 1943, Mangamma Sabatham. Lakini aliyemlea na kumsimamia ni bibi yake, Yadugiri Devi, mwanamke mwenye msimamo mkali aliyehakikisha kwamba masomo ya ngoma na ya muziki hayakatizwi na jambo lolote. Mwaka 1940, akiwa bado mtoto mdogo kabisa, alicheza mbele ya Papa Pius XII huko Vatican, mama yake akiwapo na kumtazama.

Bharatanatyam ni ngoma gani, na inatofautianaje na ngoma nyingine tunazoziona kwenye picha za Kihindi?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu watazamaji wengi huziweka ngoma zote za Kihindi katika kapu moja.

Bharatanatyam ni ngoma ya nchi ya Watamil. Kwa karne nyingi ilitunzwa na wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu pamoja na ukoo wa walimu wa kiume waliorithishana ufundi huo baba kwa mwana. Wakati wa utawala wa Waingereza wanawake hao walidharauliwa, ngoma yao ikaitwa aibu, na ilikaribia kufutika. Katika miaka ya 1930 ilianza kurudishiwa heshima. Mwaka 1936 Rukmini Devi Arundale alianzisha huko Madras taasisi ya Kalakshetra, na polepole familia zilizojiona bora zikaanza kuwapeleka binti zao kujifunza kile ambacho jana yake zilikuwa zikikibeza. Vyjayanthimala ni mtoto wa wakati huo. Mwalimu wake, Vazhuvoor Ramiah Pillai, alitoka katika ukoo wa walimu wa jadi, na baadaye alijifunza pia kwa Kittappa Pillai, wa kizazi cha mabingwa wa Thanjavur, mji wa kale wa Watamil.

Mchezaji wa Bharatanatyam hukunja magoti yakielekea nje, mgongo ukiwa wima kama mlingoti, na nyayo zake zikipiga sakafu kwa hesabu kali huku njuga zikijibu ngoma ya mridangam. Kathak, ambayo ni ngoma ya kaskazini na ndiyo inayoonekana zaidi katika filamu zenye kumbi za wafalme na wanawake wa mahfali, yaani wanawake wanaolipwa kuwaburudisha wanaume kwa ngoma na nyimbo, huchezwa mwili ukiwa umesimama, na uzuri wake mkubwa umo katika mizunguko ya kasi. Ukimwona Vyjayanthimala akishuka chini magoti yakifunguka kama kipepeo, hapo ni kusini kunakozungumza.

Kuna upande wa pili, nao ndio uliomfaa zaidi mbele ya kamera. Mchezaji hufundishwa kusimulia hadithi nzima kwa uso na vidole: kusubiri, wivu, haya, hasira iliyofichwa. Mafundisho ya kale yanasema kwamba jicho na liende uendako mkono, na moyo na uende liendako jicho. Mtoto aliyefunzwa hivyo kwa miaka mingi hahitaji mwongozaji amweleze namna ya kumtazama mtu.

Aliingiaje kwenye sinema? Ni kweli kwamba hakujua Kihindi?

Studio ya AVM ya Madras ilimchukua kwa filamu ya Kitamil, Vazhkai, iliyotoka mwaka 1949 na kushinda vizuri sokoni. Hadithi hiyohiyo ilitengenezwa upya kwa Kihindi kwa jina la Bahar mwaka 1951, naye akawamo. Kihindi hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Badala ya kukubali mtu mwingine amtilie sauti, alikwenda kukisoma kwenye taasisi ya Hindi Prachar Sabha ili maneno yatoke kinywani mwake mwenyewe. Bahar ilipendwa sana, na Bombay, kitovu cha filamu za Kihindi, ikaanza kumwulizia.

Filamu ya Nagin ilimfanyia nini?

Nagin, ya mwaka 1954, ndiyo iliyolifikisha jina lake kila kona ya India. Ni hadithi ya makabila mawili hasimu yanayoishi kwa kukamua sumu ya nyoka, na penzi linalozaliwa katikati ya uhasama huo. Muziki ni wa Hemant Kumar, na wimbo wake maarufu zaidi, Man Dole Mera Tan Dole, umejengwa juu ya sauti ya zumari ya mchezesha nyoka. Sauti hiyo haikupulizwa na zumari hata kidogo: ilitolewa na Kalyanji kwa kinanda kidogo cha umeme kiitwacho clavioline, pamoja na harmonia ya Ravi. Hadi leo, mpiga muziki yeyote wa India akitaka kuleta nyoka jukwaani, huazima tuni hiyo.

Faida ya filamu hiyo ilikuja na hatari yake. Watayarishaji walianza kumwona kama miguu tu, binti wa kuwekwa kwenye picha ili nyimbo zipate mchezaji.

Kwa nini aliikataa tuzo ya Filmfare kwa Devdas?

Mwongozaji Bimal Roy ndiye aliyeona kitu zaidi ya miguu. Kwa filamu yake ya mwaka 1955, Devdas, alimpa nafasi ya Chandramukhi, mwanamke wa mahfali anayempenda Devdas bila kutarajia malipo, na ambaye kwa ajili yake anaacha ukumbi, vito na wateja. Dilip Kumar alikuwa Devdas, na Suchitra Sen, staa mkubwa wa filamu za Kibengali, alikuwa Paro.

Filmfare, jarida la sinema la India linalotoa tuzo za filamu za Kihindi, walipompa tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, alikataa kuipokea. Hoja yake ilikuwa rahisi: Chandramukhi si msaidizi wa mtu. Hadithi ina wanawake wawili, uzito wao ni mmoja, na kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine ni kuisoma vibaya. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kuikataa tuzo ya Filmfare. Wapo waliomwona mwenye majivuno. Mimi nadhani alikuwa na haki, na ushahidi wangu ni tukio moja lisilofika hata dakika kadhaa.

Chandramukhi anatembea kwa miguu kwenye njia ya vumbi ya kijijini, akimtafuta Devdas. Upande wa pili anakuja Paro, sasa mke wa tajiri, amebebwa kwenye machela. Hawajuani. Wanatazamana, mmoja juu na mwingine chini, na njia inawatenganisha. Hakuna neno linalosemwa. Muziki peke yake ndio unaozungumza. Vyjayanthimala hafanyi jambo lolote kubwa hapo: anapunguza mwendo, shingo inageuka kidogo, macho yanabaki nyuma wakati mwili umeshatangulia. Kuna mtu anayeweza kusema kwamba mmoja kati ya wanawake hao wawili ni wa pembeni? Sanjay Leela Bhansali alipoirudia hadithi hiyo mwaka 2002, aliwakutanisha wanawake hao katika ngoma moja kubwa ya pamoja, na inapendeza sana kuitazama. Lakini kimya cha Bimal Roy ndicho kinachonirudisha.

Ni kweli kwamba alichukua nafasi ya Madhubala katika Naya Daur?

Ndiyo. Mtayarishaji na mwongozaji B. R. Chopra alikuwa amemchagua mwigizaji Madhubala, lakini baba wa Madhubala alikataa asisafiri kwenda kupiga picha nje ya Bombay kwa muda mrefu. Chopra akamweka Vyjayanthimala, na mgogoro ukafika mahakamani, ambako Dilip Kumar alitoa ushahidi upande wa Chopra. Filamu ilitoka mwaka 1957 na kupata mafanikio makubwa. Inahusu mwendesha gari la farasi anayeshindana na basi linalotaka kuwanyang'anya wenzake riziki, na Vyjayanthimala ndani yake ni msichana wa kijijini mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha wazi, mbali kabisa na Chandramukhi.

Alishinda tuzo zipi za mwigizaji bora wa kike?

Alishinda Filmfare mara tatu: kwa Sadhna ya mwaka 1958, Gunga Jumna ya mwaka 1961 na Sangam ya mwaka 1964.

Mwaka wa Sadhna alishindana na nafsi yake, kwa kuwa alikuwa amependekezwa pia kwa Madhumati ya Bimal Roy, filamu ya penzi linalovuka kifo ambamo aliigiza wanawake watatu. Madhumati ilizoa tuzo 9 za Filmfare, rekodi iliyodumu kwa zaidi ya miaka 30.

Kati ya hizo tatu, ninayoithamini zaidi ni Gunga Jumna. Wahusika wake wanazungumza lahaja ya mashambani ya kaskazini, si Kihindi cha mjini, na binti wa Kitamil ambaye miaka kumi tu kabla yake alikuwa akijifunza Kihindi darasani aliivaa lahaja hiyo kama kanga ya kila siku. Dhanno wake ni mwanamke wa jembe na kuni, mwenye hasira za haraka na uaminifu usioyumba. Ambaye amewahi kujaribu kuigiza lafudhi ya watu wa mji mwingine bila kuchekwa atajua ukubwa wa kazi hiyo.

Kuhusu Sangam, kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi. Raj Kapoor, mwongozaji na mwigizaji wa filamu hiyo, alimpelekea simu ya maandishi Madras akimwuliza, kwa jina la mhusika, kama sangam, yaani makutano, yatakuwapo au hayatakuwapo, naye akajibu kwamba yatakuwapo bila shaka. Swali lile likageuzwa kuwa wimbo mkuu wa filamu. Sangam ina urefu unaokaribia saa nne, na ilikuwa miongoni mwa filamu za kwanza za Kihindi kupigwa picha kwa mapana huko Ulaya.

Je, nyimbo katika filamu zake aliziimba mwenyewe?

Hapana. Kama ilivyokuwa kawaida ya filamu za Kihindi, waimbaji wa studio ndio walioimba, na sauti inayosikika zaidi juu ya midomo yake ni ya Lata Mangeshkar. Hata hivyo alisomea muziki wa Kikarnataki, ule wa jadi wa kusini mwa India, tangu utotoni, na hiyo ndiyo sababu pumzi yake, koo lake na midomo yake haviachani na wimbo hata mahali ambapo sauti inapanda na kushuka kwa haraka.

Ngoma yake bora ya filamu ni ipi?

Mashabiki hawatakubaliana hata wakikaa kikao cha siku saba, kwa hiyo nitasema yangu.

Wengi watataja shindano lake na Padmini katika filamu ya S. S. Vasan iliyotoka mwaka 1958, kwa Kitamil kama Vanjikottai Valiban na kwa Kihindi kama Raj Tilak. Padmini alikuwa mmoja wa ndugu watatu wa kike wachezaji wa ngoma kutoka Travancore, naye bingwa wa ngoma za kusini. Wanawake wawili wenye mafunzo kamili wanakabiliana jukwaani, kila mmoja akijibu hatua za mwenzake kwa hatua ngumu zaidi, hakuna anayesaidiwa na kamera wala na mkasi wa mhariri. Watu wanabishana hadi leo nani alishinda.

Mimi huchagua Hothon Pe Aisi Baat, katika Jewel Thief ya mwaka 1967, wimbo uliotungwa na S. D. Burman kwa maneno ya Majrooh Sultanpuri. Shalini, mhusika wake, anacheza kwenye ukumbi wa jumba la kifalme mbele ya watu wanaomlazimisha kunyamaza, huku akijua siri inayoweza kumwua mtu anayempenda. Wimbo wenyewe unasema habari ya jambo lililobanwa midomoni. Mwongozaji Vijay Anand hakumkatakata vipande. Aliiacha kamera imfuate kwa muda mrefu akipita katikati ya umati, na hilo liliwezekana kwa sababu mchezaji hakuwa na hatua mbovu ya kufichwa. Yatazame macho yake. Miguu inasherehekea pamoja na ukumbi, mikono inapamba, na macho yanaomba msaada. Huo ndio utumizi kamili wa yale mafundisho ya utotoni, kwa sababu uso na mwili wake vinasimulia mambo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja, na mtazamaji anayasoma yote mawili.

Na Amrapali? Mbona inasifiwa leo na iliangukia pua ilipotoka?

Amrapali ya mwaka 1966, iliyoongozwa na Lekh Tandon, inahusu mchezaji wa ngoma wa enzi za Buddha aliyependwa na mfalme adui wa mji wake. Bhanu Athaiya, ambaye miaka ya baadaye angeshinda Oscar kwa mavazi ya filamu ya Gandhi, alibuni mavazi yake kwa kufuata michoro ya mapango ya Ajanta. Ngoma zilitungwa na Gopi Krishna. India iliichagua iende kushindania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, lakini watazamaji wa nyumbani hawakuijia. Vyjayanthimala aliumizwa na jambo hilo, na ni rahisi kuelewa sababu: katika kazi zake zote, hiyo ndiyo iliyompa nafasi ya kuwa mchezaji wa ngoma tangu mwanzo hadi mwisho, pasipo kuiomba ruhusa hadithi.

Kwa nini aliacha filamu mapema hivyo?

Mwaka 1968, mwaka aliotunukiwa nishani ya Padma Shri, aliolewa na Dkt. Chaman Lal Bali. Alizimaliza filamu alizokuwa ameshazikubali, ya mwisho ikiwa Ganwaar ya mwaka 1970, na hakurudi. Hakukubali kuja kuwa shangazi au mama wa mashujaa wapya, kama ilivyowapata wengi wa rika lake.

Watu huliita tukio hilo kustaafu, nami silipendi neno hilo. Aliendelea kucheza Bharatanatyam jukwaani, akatafiti tungo za kale za Thanjavur na kuzirudisha mbele ya hadhira. Mwaka 1982 alipewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, chombo cha taifa cha muziki, ngoma na tamthilia, na aliipata kwa ngoma, si kwa sinema.

Aliwahi kuwa mwanasiasa?

Ndiyo. Alichaguliwa mbunge wa Madras Kusini kwa tiketi ya chama cha Congress mwaka 1984, akachaguliwa tena mwaka 1989, na mwaka 1993 akateuliwa kuingia katika baraza la juu la Bunge. Alikihama chama hicho mwaka 1999. Maisha yake bungeni hayakuacha alama kama ile aliyoiacha jukwaani.

Ana uhusiano gani na watazamaji wa pwani ya Afrika Mashariki?

Miaka yake ya kung'ara ndiyo miaka ambayo majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam yalijaa watu kwa ajili ya picha za Kihindi, na si Wahindi peke yao. Waswahili walikwenda, wakalia, wakatoka wakiimba. Waimbaji wa taarabu, Juma Bhalo wa Mombasa akiwa mfano unaofahamika zaidi, walizichukua tuni za filamu hizo wakazivika maneno ya Kiswahili. Ndiyo maana mzee wa pwani asiyejua Kihindi hata neno moja anaweza kukutajia majina ya nyota wa enzi hiyo bila kusita, na msikilizaji wa taarabu akifungua picha ya zamani anaweza kushtuka kukutana na wimbo anaoujua tangu arusini kwa dada yake.

Je, bado anacheza?

Mwaka 2024 serikali ya India ilimtunuku Padma Vibhushan, nishani ya pili kwa ukubwa inayopewa raia. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa takriban miaka 90, alicheza kwenye hekalu jipya la Ram huko Ayodhya, na video yake ikasambaa. Magoti hayashuki tena kama zamani. Mikono ilikuwa ileile, na kila mkono ulipokwenda, jicho lilifuata.